Mteja wa Saa Kumi na Dakika Kumi

Jumanne, tarehe tisa Julai. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, na mvua nyembamba, ile isiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu, ilikuwa ikianguka tangu alfajiri. Fundi funguo alifungua kibanda chake saa mbili kasoro, akaning'iniza mwavuli, akaifuta mashine kwa kitambaa, kisha akainamisha kichwa na kusali sala yake fupi ya kila siku: asimfungulie mwizi mlango wa mtu, na siku ipite bila kosa.

Sehemu ya pili ya sala hiyo ilikuwa mpya. Aliiongeza baada ya yeye na binti yake kukaa chini na kukubaliana. Kosa la kwanza, aliiacha mashine ikinguruma akaenda kula, na mkanda ukaanza kutoa moshi. Kosa la pili, alimpa mama mmoja ufunguo wa nyumba ya mtu mwingine. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ana sauti ya kuwanyamazisha watoto hamsini, hakumfokea. Alimshika mkono tu. "Baba, likitokea la tatu, unanikabidhi kibanda. Tumeelewana?" Naye akasema wameelewana. Miaka thelathini na minne alikuwa amekaa nyuma ya meza ile, na sasa kilichobaki kati yake na kukaa bure nyumbani kilikuwa kosa moja.

Siku hiyohiyo ya makubaliano binti alimletea kamera. Ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, na kwa kweli waliibana mahali pa kifungo, kwenye koti lake la kazi, kifuani upande wa kushoto.

"Siku hizi kila mtu anazo," binti alimwambia. "Mafundi bomba wanachungulia nazo ndani ya mabomba. Wazazi wanamwangalia nazo mtoto aliyelala chumba cha pili. Wewe itakusaidia kukumbuka. Ukipoteza kitu, tunatazama ulikiweka wapi."

Na ilimsaidia. Miwani ilipatikana ndani ya kopo la misumari. Tupa yake ndogo ilipatikana mfukoni mwa mteja, ambaye aliirudisha huku akiona haya kuliko mwizi. Mwenyewe aligundua matumizi mengine ambayo binti hakuyafikiria. Mtu akijifungia nje, fundi aliitoa kamera kwenye koti, akaifunga kwenye ncha ya spoku ya baiskeli, akaipenyeza chini ya mlango na kupiga picha kitasa kutoka ndani. Kisha alirudi kibandani kuitazama picha kwenye kompyuta ndogo aliyoachiwa na binti, akajua afanye nini bila kuvunja chochote.

Asubuhi hiyo basi, alipomaliza kusali, aliamua kuhesabu funguo zake mbichi, yaani zile ambazo hazijachongwa meno. Zilikuwa zimening'inia ukutani kwa safu. Safu ya chini ilikuwa ya shaba, zenye kichwa cha mviringo, za vitasa vya zamani. Siku hizi karibu hakuna anayeziulizia. Wiki mbili zilizopita alikuwa ametundika thelathini. Sasa zilikuwa kumi na tisa.

Alihesabu tena, safari hii akigusa kila moja kwa kidole. Kumi na tisa.

"Shemeji," aliita.

Kibanda cha pili, kilichotenganishwa na chake kwa mbao tu, kilikuwa cha fundi viatu, kaka wa marehemu mkewe. Utani wao ulikuwa na umri sawa na ndoa yenyewe.

"Sema, Mzee Kufuli."

"Nimeibiwa."

"Basi mwizi huyo ni mgonjwa. Aache viatu vyangu akuibie wewe vyuma?"

"Funguo kumi na moja za shaba. Hujaona mtu akizungukazunguka hapa?"

Nyundo ya upande wa pili ilinyamaza kidogo. "Muulize yule mteja wako wa saa kumi. Kila siku yupo. Mnacheka humo ndani kama wachumba. Nimeshasema nitamshtakia dada yangu huko aliko."

"Mteja gani wa saa kumi?"

Shemeji alicheka, kisha kicheko chake kikakatika katikati. Kulikuwa na mambo aliyokubali kutania na mengine aliyokataa, na kusahau kwa shemeji yake kulikuwa katika hayo ya pili. "Labda nimechanganya," alisema, na nyundo ikaanza tena, haraka kuliko mwanzo.

Siku nzima fundi alifanya kazi kwa tahadhari kama anayebeba maji kwenye sahani. Ikiwa kuna mwizi, basi yeye yuko salama. Ikiwa hakuna mwizi, funguo kumi na moja zimepotelea mikononi mwake mwenyewe, na hilo ndilo kosa la tatu. Saa sita, mteja wa mwisho kabla ya chakula alipoondoka, alijikuta akisali: Mungu wangu, naomba awepo mwizi. Kisha akasikia alichokisema, akaona aibu, akaomba asamehewe sala hiyo.

Binti alifika saa tisa na nusu, viatu vyake vikiwa na matope na vidole vikiwa na vumbi la chaki. Alichomoa kadi ya kumbukumbu kwenye kamera na kuiweka kwenye kompyuta. Kadi ilikuwa na siku kumi na nne; ikijaa, ilijifuta yenyewe na kuanza upya. Shemeji alivuka kuja kutazama, aproni yake ikinuka gundi, akasimama nyuma yao.

Kwa muda mrefu hapakuwa na la kuona. Kamera iliyo kifuani haioni nyuso za watu. Inaona meza, na mikono. Mikono ya wateja ilikuja na kuondoka kwa mwendo wa haraka: mikono yenye pete, yenye rangi ya kucha, mikono ya mpakaji nyumba yenye madoa meupe. Fundi aliijua karibu yote. Kazini kwake aliwatambua watu kwa mikono kabla ya majina.

"Simamisha," alisema ghafla.

Ilikuwa tarehe ishirini na sita Juni, saa kumi na dakika kumi. Picha ilikuwa imeyumba, ikaonyesha dari, ikawa giza kama iliyofunikwa na nguo, kisha ikatulia mahali pengine kabisa. Sasa waliitazama meza kutoka upande wa wateja, kwa chini kidogo, kama mtu aliyekaa. Na nyuma ya meza, mahali pa fundi, palikuwa na mikono miwili ya mwanamume.

"Si nilisema," fundi alinong'ona. Moyo wake ulimdunda kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na furaha ambayo hakutaka kuitazama. "Huyo hapo. Kaingia mpaka kwenye mashine yangu."

Mikono ile haikuwa na haraka. Ilichagua ufunguo mmoja wa shaba ukutani, ikaubana kwenye mashine, ikabana mwingine wa zamani pembeni, ikawasha. Cheche zilitoka. Kisha mikono ikachukua tupa na kulainisha meno, mara tatu kwenda, mara moja kurudi.

"Anajua kazi, mshenzi huyu," fundi alisema. "Tazama anavyoshika tupa. Huyu kafundishwa."

Aligeuka akamwona binti yake akitazama pembeni, kwenye ukuta usio na kitu, na shemeji akijifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

Aliirudia picha. Kwenye kidole gumba cha kushoto cha yule mtu kulikuwa na kovu refu, la aina anayoipata mtu asiyezima mashine kabla ya kusogeza ufunguo. Fundi alilitazama kovu hilo. Kisha polepole, kama anayeogopa kuamsha kitu, akakitazama kidole gumba chake mwenyewe kilichokuwa juu ya meza, karibu na kompyuta.

Mvua ilikuwa imekoma, na matone yalidondoka moja moja kutoka kwenye bati.

"Endelea," alisema. "Weka na sauti."

Kwenye picha, mikono ilikata kipande cha uzi wa kijani, ikaufunga kwenye kichwa cha ufunguo. Kisha mwenye mikono akainama, na uso wake ukaingia. Ulikuwa uso wake. Ulikuwa ukitabasamu moja kwa moja kwa waliokuwa wakitazama.

"Umechelewa leo, bibie," ilisema sauti yake. "Umeupoteza tena? Basi mke wa fundi funguo kila siku atalala nje." Alingoja, kichwa kikiwa kimeinama upande, kama anayesikiliza. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyejibiwa vizuri, akausogeza ufunguo mbele mpaka ukapita chini ya picha na kutoweka.

Shemeji alijikalia sakafuni.

Hapakuwa na haja ya kuelezana. Marehemu mkewe alikuwa mpishi wa shule, na kila siku ya kazi, kwa zaidi ya miaka ishirini, alipita kibandani saa kumi na dakika kumi ili warudi pamoja nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha mbao kilicho pembeni, ambacho hadi leo kilikuwa palepale. Pembe ile ina upepo wa jioni, kwa hiyo fundi alikuwa akivua koti lake na kumfunika mabegani. Na mara kwa mara mkewe alikuwa akipoteza ufunguo wa chumba chake kidogo cha kushonea na kusalia, kwa hiyo fundi alimchongea mwingine na kuufunga uzi wa kijani ili uonekane. Alikuwa amefariki miezi kumi na moja iliyopita. Chumba hicho fundi alikifunga mwenyewe siku ya pili baada ya maziko, ufunguo akautia kwenye kishada chake, na hakuwahi kukifungua tena. Watu wote aliwafungulia milango yao, ila huo hakuuweza.

"Baba, uliweka koti kwenye kiti," binti alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana kamera inakuona wewe."

"Naona."

"Si kosa. Ni huzuni tu."

Walitazama siku iliyofuata, na iliyofuata, wakiruka Jumapili. Kila siku saa kumi na dakika kumi, koti, kiti, ufunguo, uzi. Ni katika siku ya tano ambapo fundi aligundua kitu ambacho wenzake labda walishakiona na kukinyamazia. Picha haikuwa imetulia kabisa. Ilikuwa ikipanda kidogo na kushuka, ikipanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu anayepumua.

"Ni upepo," binti alisema kabla hajaulizwa.

"Pembe ile ina upepo," fundi alikubali.

Shemeji alitaka kusema neno, akaacha, akalisema. "Mimi sikumsikia mtu mmoja. Kila siku nilisikia watu wawili wakicheka. Ndiyo maana nikakutania."

Binti alikuwa akimtazama mjomba wake, kwa hiyo alichelewa kuona. Alipogeuka, baba yake alikuwa amesimama, na vidole vyake vilikuwa vimeshafungua vifungo viwili vya koti. Macho yake yalikuwa kwenye kiti cha pembeni. Midomo ilikuwa imeanza tabasamu lile la kwenye picha. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika kumi.

"Baba." Alimshika mkono kwa nguvu. "Baba, ni mimi."

Fundi alimtazama kama mtu anayepandishwa kutoka kisimani. Kisha akajitazama vifungo, akavua koti hadi mwisho, lakini badala ya kuliweka kwenye kiti akalilaza juu ya meza. Chuma kililia ndani ya koti. Mfuko wa kulia ulikuwa umetoboka, na vitu vilivyotiwa humo vilikuwa vimeteremka hadi kwenye pindo. Binti alikata uzi wa pindo kwa wembe, na funguo zikamwagika, za shaba mpya, kila moja na uzi wake wa kijani.

Walizihesabu. Zilikuwa kumi.

Walirudi kwenye picha wakahesabu siku. Zilikuwa kumi na moja, na jana ndiyo ilikuwa ya mwisho. Walipapasa koti lote, wakainua kiti, wakafagia sakafu, wakapekua hata viatu vya shemeji. Kumi.

"Mmoja umeanguka njiani," shemeji alisema.

"Pindo halikuwa na tundu," alisema binti, na baada ya hapo hakuna aliyetafuta tena.

Fundi alitoa kishada chake, akaulaza ufunguo wa zamani juu ya mpya mmoja. Meno yalikutana sawasawa. "Twendeni nyumbani," alisema. "Nimekiacha chumba kile muda mrefu mno. Nikikifungua, labda nitaacha kukichongea funguo."

Walibeba koti, kompyuta na mkoba wa kazi. Nyumba ilikuwa mtaa wa tatu, na jua la jioni lilikuwa limepata upenyo kati ya mawingu walipofika. Chumba kidogo kilikuwa mwisho wa ukumbi. Fundi alisimama mbele ya mlango, akasali kimoyomoyo, akaingiza ufunguo wa zamani.

Uliingia nusu, ukagota.

Aliutoa, akaupuliza, akaingiza tena. Nusu, ukagota. Akajaribu mpya mmoja, kisha wa pili. Zote palepale.

"Uchafu," shemeji alisema. "Miezi kumi na moja, shemeji. Buibui wameshajenga humo."

Fundi alitoa kipande cha waya mwembamba mfukoni, akakitia kwenye tundu, akafumba macho. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameona kwa waya huo kuliko wengine wanavyoona kwa taa. Waya uligusa chuma. Alisukuma kidogo sana, na chuma kile kikasogea kidogo sana, kisha kikarudi mahali pake.

"Si uchafu," alisema. "Kuna ufunguo upande wa pili."

"Haiwezekani," binti alisema. "Wewe ndiye uliyefunga. Ulifunga kwa nje."

"Mimi ndiye niliyefunga."

Binti alikwenda nje, akazunguka hadi dirishani, akarudi. Nondo zilikuwa palepale, dirisha limefungwa kwa komeo la ndani, na pazia limeshushwa. Alikuwa akipumua kama aliyekimbia.

Fundi aliitoa kamera kwenye koti, akairudishia kadi yake. Spoku ya baiskeli ilikuwa kwenye mkoba wa kazi. Alipiga magoti, akaifunga kamera kwenye ncha, akaipenyeza chini ya mlango, akaizungusha polepole kushoto, kisha kulia, kisha akaigeuza ielekee juu, nyuma ya mlango. Akahesabu hadi ishirini. Akaivuta.

Waliweka kompyuta juu ya sakafu ya ukumbi, wote watatu wakipiga magoti.

Kwanza ilikuwa sakafu. Vumbi lilikuwa limelala laini kama unga uliochekechwa, na hapakuwa na alama ya mguu, wala ya panya. Ulionekana mguu wa kitanda. Cherehani ilikuwa chini ya shuka lake, na mkeka wa kusalia ulikuwa umekunjwa vilevile alivyoukunja fundi mwenyewe. Picha ikageuka, ikapanda juu ya mbao za mlango, ikafika kwenye kitasa.

Ufunguo ulikuwa kwenye tundu, kwa ndani. Ulikuwa wa shaba mpya, unang'aa, kichwa cha mviringo. Uzi wa kijani ulining'inia kutoka kichwani mwake, na katika chumba hicho kisicho na upepo, uzi ulikuwa ukibembea, huku na huku, kila mara ukipungua kidogo, kama kitu ambacho mtu amekiachia sasa hivi.

Picha iliisha. Binti aliweka mkono mdomoni. Kisha, kama kawaida yake anapoogopa, akakasirika. "Mjomba, lete nyundo. Tunavunja."

Mjomba hakuondoka. Uso wa mtu yule ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila mzaha ulikuwa umelowa. "Huyo ni dada yangu," alisema. "Sivunji mlango wa dada yangu."

Fundi aliinuka kwa shida, akishikilia ukuta. Alizikusanya zile funguo kumi, akaziweka kwenye kiganja cha binti yake. Juu yazo akaweka ufunguo wa kibanda.

"Baba, tulisema kosa. Hili sijui ni nini, lakini sijasema ni kosa."

"Nilikuwa na sheria moja, Mwalimu. Sichongi ufunguo bila mwenyewe kuwa mbele yangu. Sasa sijui kama nimeivunja mara kumi na moja au sijaivunja hata mara moja. Fundi asiyejua hilo hafai kushika mashine." Alivifunga vidole vya binti juu ya funguo. "Chukua."

Kisha akaugeukia mlango. Hakupandisha sauti. Aliongea kama alivyokuwa akiongea jioni, kwenye pembe ile yenye upepo, na wale wawili nyuma yake walisikia kila neno.

"Bibie, kaka yako yupo hapa, na mwanao yupo hapa, wao ndio mashahidi wangu mbele ya Mungu. Kuanzia leo siwashi tena mashine. Mlango huu sitauvunja, na hakuna atakayeuvunja nikiwa hai. Huo ulio nao ndio wa mwisho, usiupoteze. Na kila siku, saa kumi na dakika kumi, nitaleta kiti niketi hapa nje, mpaka utakapofungua wewe."